Nyayo za Vumbi la Nyuklia Katika Maziwa

Ng'ombe wa maziwa aliyeachiwa malishoni hula kwa siku majani ya eneo ambalo mtaalamu mwenye mundu na mfuko angehitaji saa nyingi kulifyeka, na kwa kuwa majani hayo yamepokea kila kilichoshuka na upepo au mvua tangu yalipochipua, maziwa yanayokamuliwa jioni huwa yamebeba kumbukumbu ya kilichokuwa angani siku chache zilizopita. Ndiyo maana, tangu miaka ya 1950, wanasayansi waliotaka kujua vumbi la nyuklia limeangukia wapi, limeanguka lini na limetoka kwa nani wameyapima maziwa kabla ya karibu chakula kingine chochote. Upimaji huo, hata hivyo, una ugumu wake wa ndani. Maziwa ya ng'ombe mmoja hueleza habari za malisho mamoja. Yakishamiminwa kwenye lori pamoja na ya mashamba mengine mengi, kisha yakachanganywa kiwandani na ya wilaya jirani, hueleza habari za wastani tu, na wastani hauna anwani. Kwa sehemu kubwa, historia ya kufuatilia unururifu katika maziwa ni historia ya watu waliolazimika kurudi kinyumenyume, kutoka kwenye chupa hadi kwenye lori, kutoka kwenye lori hadi zizini, na kutoka zizini hadi kwenye majani.

Vumbi la nyuklia ni chembe na gesi zinazotokana na kupasuka kwa viini vya atomu za urani au plutoni, iwe ndani ya bomu au ndani ya kinu cha nyuklia. Kiini kinapopasuka huacha vipande viwili ambavyo kwa kawaida havilingani, na vipande hivyo vikijumlishwa kwa wingi wake hufanya mchanganyiko wa mamia ya isotopi, yaani aina za elementi ileile zinazotofautiana kwa uzito wa kiini. Nyingi kati yake ni nururifu, maana yake viini vyake havijatulia na hugeuka kuwa vingine huku vikitoa mionzi, na kila moja ina nusu maisha yake, ambayo ni muda unaopita hadi nusu ya atomu zilizokuwapo ziwe zimegeuka. Kiasi cha unururifu hupimwa kwa bekereli, ambapo bekereli moja ni atomu moja inayogeuka katika sekunde moja. Vitabu vya zamani hutumia kyuri, kizio kikubwa chenye bekereli bilioni 37. Ieleweke pia kwamba hakuna maziwa yasiyo na unururifu kabisa, kwa sababu potasiamu ya asili ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, ambayo peke yake huyapa maziwa ya kawaida bekereli 40 hadi 50 hivi kwa lita, na hali hiyo ilikuwapo tangu kabla mwanadamu hajajua kupasua atomu.

Katika mamia hayo ya isotopi, chache tu ndizo hufika kwenye maziwa kwa kiasi cha kutia wasiwasi, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe ni kichujio: plutoni, kwa mfano, karibu yote hupita tumboni na kutoka na samadi. Zinazofaulu ni zile ambazo mwili wa mnyama huzichukulia kuwa ni kitu unachokihitaji. Iodini-131, yenye nusu maisha ya siku 8, hupokewa kama iodini ya kawaida, ikaonekana kwenye maziwa siku ileile ng'ombe alipoila na kufikia kilele baada ya siku mbili hadi nne. Siziamu-137, yenye nusu maisha ya miaka 30, hufuata njia ya potasiamu, na strontiamu-90, yenye nusu maisha ya karibu miaka 29, hufuata njia ya kalsiamu hadi kwenye mifupa na meno. Iodini ndiyo yenye haraka na ndiyo iliyoleta madhara makubwa kupitia maziwa, kwa sababu tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni mbele ya koo, huikusanya kwa bidii, na tezi ya mtoto wa mwaka mmoja ina uzito wa gramu 2 hivi ilhali ya mtu mzima hufikia gramu 20, hivyo kikombe kilekile cha maziwa humpa mtoto dozi kubwa mara nyingi zaidi.

Kuhusu strontiamu kuna jambo ambalo umma ulioogopa maziwa haukuelezwa vizuri. Mwili wa ng'ombe hupendelea kalsiamu, kiasi kwamba uwiano wa strontiamu kwa kalsiamu katika maziwa ni sehemu ndogo tu ya uwiano uliomo kwenye majani aliyokula. Mtu anayepata kalsiamu yake kwenye nafaka na mboga, kwa hiyo, aliweza kupokea strontiamu-90 nyingi kwa kila gramu ya kalsiamu kuliko mnywaji wa maziwa. Maziwa yalipimwa zaidi kwa sababu yalipatikana kila siku, kila mahali, yakiwa tayari yamekusanywa. Hilo ni suala la urahisi wa kazi, na halithibitishi kwamba ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko vyakula vyote.

Swali la chanzo hujibiwa kwanza na saa zilizomo ndani ya mchanganyiko wenyewe. Bomu linapolipuka huzalisha strontiamu za aina mbili kwa wakati mmoja, strontiamu-90 na strontiamu-89, na kwa kuwa ya pili ina nusu maisha ya siku 50 tu, unururifu wake siku ya mlipuko huzidi ule wa strontiamu-90 kwa zaidi ya mara 150. Mwaka mmoja baadaye aina hizo mbili hukaribia kulingana. Mkemia aliyepata uwiano huo katika sampuli ya maziwa aliweza, basi, kukadiria kama vumbi lilitokana na jaribio la msimu huu au lilikuwa limeelea katika tabaka za juu za angahewa tangu majaribio ya mwaka uliotangulia. Iodini-131 ni saa ya mkato zaidi: baada ya siku 80 hubakia sehemu moja tu ya elfu ya kiasi chake cha mwanzo, kwa hiyo ikionekana kwenye maziwa hakuna haja ya kusaka chanzo cha mwaka jana, bali kitu kilichotokea ndani ya wiki chache zilizopita.

Alama iliyo muhimu kuliko zote katika kutenganisha bomu na kinu ni siziamu-134. Isotopi hii karibu haizalishwi na mpasuko wenyewe. Hutokea pale ambapo siziamu-133, iliyo tulivu, inapomeza nyutroni moja. Siziamu-133 nayo hutokana na mnyororo wa isotopi nyingine zinazogeuka moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa, na bomu, ambalo kazi yake yote humalizika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, halina nafasi ya kusubiri mnyororo huo. Kinu kinayo nafasi hiyo, kwa kuwa fueli hukaa ndani yake kwa miezi au miaka huku ikipigwa na nyutroni. Maziwa yenye siziamu-137 pasipo siziamu-134 huelekeza kwenye majaribio ya silaha, au kwenye ajali ya kinu iliyopita zamani sana. Yakiwa nazo zote mbili, kinu kimevuja, na uwiano wake hudokeza hata fueli ilikaa humo kwa muda gani. Vumbi la ajali ya kinu cha Chernobyl lilikuwa na bekereli moja ya siziamu-134 kwa kila bekereli mbili za siziamu-137, ilhali la ajali ya vinu vya Fukushima lilikuwa na kiasi karibu sawa cha zote mbili.

Kazi yenyewe maabarani hufanyika kwa utaratibu usio na mbwembwe. Maziwa humiminwa kwenye chombo cha plastiki chenye shimo katikati ya kitako, ambacho huvalishwa juu ya kigunduzi cha jerimani kilichopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kisha kigunduzi na chombo huzungushiwa ukuta mzito wa risasi ili mionzi ya kuta za jengo na ya angani isichanganywe na ya sampuli. Kila isotopi inayotoa miale ya gama huitoa kwa nishati yake maalumu, hivyo kwenye grafu siziamu-137 huchomoza kwenye 662, siziamu-134 kwenye 605 na 796, iodini-131 kwenye 364, kwa kizio cha kiloelektronivolti, na mbali upande wa kulia husimama daima kilele cha potasiamu-40 kwenye 1461. Strontiamu-90 haionekani hata kidogo kwenye grafu hiyo, kwa kuwa haitoi gama. Ili kuipata, maziwa hukaushwa na kuchomwa tanuruni hadi yawe majivu meupe, kalsiamu huondolewa kwa tindikali kali, kisha kilichobaki huachwa kwa takriban wiki mbili ili strontiamu izae itriamu-90, ambayo ndiyo huja kupimwa. Tofauti hiyo ya muda wa kazi, saa kadhaa kwa siziamu na wiki kwa strontiamu, inaeleza kwa nini takwimu nyingi za dharura hutaja isotopi za gama peke yake.

Mfano wa kwanza mkubwa wa kuchora ramani ya ajali kwa kutumia maziwa ulitokea kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huko Windscale, kwenye pwani ya Cumberland, palikuwa na vinu viwili vya grafiti vilivyopozwa kwa hewa na vilivyojengwa ili kuzalisha plutoni ya mabomu. Grafiti inayopigwa na nyutroni hulimbikiza nishati, na nishati hiyo ilikuwa ikitolewa kila baada ya muda kwa kukipasha kinu joto kwa makusudi. Katika zoezi la aina hiyo lililoanza tarehe 7 Oktoba 1957, fueli ya kinu cha kwanza ilishika moto, na moto ukagunduliwa tarehe 10. Ulizimwa siku iliyofuata kwa maji na kwa kukata hewa ya feni. Vichujio vilivyowekwa juu ya dohani kwa msisitizo wa mwanafizikia John Cockcroft, ambavyo wahandisi waliowahi kuona ni gharama bure walivipa jina la kejeli, vilizuia chembe nyingi, lakini iodini iliyo katika hali ya gesi haikuzuilika kwa namna hiyo.

Vipimo vya kwanza vya hewa na ardhi kuzunguka kiwanda havikuonyesha hatari ya kuwahamisha wakazi, na huenda jambo lingeishia hapo kama sampuli za maziwa ya mashamba ya jirani zisingeletwa maabara. Hapakuwa na kiwango chochote cha kisheria cha iodini katika maziwa. Wataalamu walilazimika kukokotoa kimoja ndani ya saa chache, wakianzia kwenye dozi waliyoona inavumilika kwa tezi ya mtoto mchanga na kurudi nyuma hadi kwenye lita ya maziwa, wakafikia sehemu moja ya kumi ya maikrokyuri, sawa na bekereli 3,700. Marufuku ilianza tarehe 12 Oktoba kwa mashamba machache yaliyo karibu. Kadiri matokeo ya sampuli za mbali yalivyoingia ndivyo mpaka ulivyosogezwa, na kufikia tarehe 15 ulikuwa umefunika kilomita za mraba 500 hivi, zikiwa zimenyooka kama ukanda wa pwani uliorefuka kuelekea kusini, badala ya duara ambalo mtu angelichora ramanini kwa kuzungusha bikari. Sampuli iliyokuwa na kiwango cha juu kabisa ilikuwa na zaidi ya mara kumi ya kikomo hicho. Maziwa yalimwagwa mitoni na baharini kwa wiki kadhaa, na wafugaji wakalipwa fidia.

Umbo la ukanda huo ndilo ushahidi wenyewe wa chanzo, kwa kuwa uchafuzi uliopungua kwa mpangilio kadiri mtu alivyosogea mbali na dohani moja haungeweza kuwa umetoka kwenye majaribio ya mabomu ya mbali. Kanuni hiyohiyo ilifichua jambo jingine ambalo halikutangazwa wakati ule. Kabla ya moto, maziwa ya baadhi ya mashamba ya karibu yalikuwa tayari na strontiamu-90 iliyozidi ile ya mvua za kawaida, na chanzo chake kilikuwa vipande vya fueli vilivyosukumwa nje ya kinu na kuangukia mahali pasipotakiwa nyuma yake, ambapo mkondo wa hewa ya kupozea uliviozesha polepole na kurusha chembe za oksaidi ya urani hadi kwenye malisho. Serikali ya waziri mkuu Harold Macmillan, iliyokuwa ikitafuta ushirikiano wa silaha na Marekani, ilizuia kuchapishwa kwa ripoti kamili ya uchunguzi ulioongozwa na William Penney, na ripoti hiyo ilibaki kwenye majalada kwa miongo mitatu. Hata kiasi cha iodini kilichotoka kilikuja kurekebishwa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliounganisha rekodi za hali ya hewa na vipimo vya siku zile, uliyapandisha makadirio kutoka bekereli trilioni 740 hadi karibu trilioni 1,800.

Nchini Marekani chanzo kilijulikana na kila mtu. Kisichojulikana kilikuwa ni nani aliyepokea kiasi gani. Kuanzia mwaka 1951 mabomu yalilipuliwa hewani katika jangwa la Nevada, na mwaka 1957 idara ya afya ya umma ya serikali kuu ilianza kupima maziwa ya miji michache, St. Louis ukiwa mmojawapo, mtandao ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulifikia vituo takriban 60. Maziwa yaliyopimwa yalikuwa yale yaliyokwisha kuchanganywa na kuchemshwa viwandani, na madhumuni yalikuwa kupata picha ya mnywaji wa kawaida wa mjini. Kwa strontiamu-90, iliyokuwa ikishuka polepole na kwa kuenea duniani kote, njia hiyo ilitosha kiasi. Takwimu za St. Louis zilikuwa juu, wakazi wakahoji, na mwaka 1958 kundi la wanasayansi na raia, akiwamo mwanabiolojia Barry Commoner, likaanza kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, ambayo chini ya usimamizi wa daktari Louise Reiss yalionyesha kwamba strontiamu-90 ilikuwa ikiongezeka katika meno ya watoto waliozaliwa miaka ya 1950. Matokeo ya kwanza yalichapishwa Novemba 1961, na mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani ukatiwa saini Moscow Agosti 1963. Itakuwa kutia chumvi kusema meno ndiyo yaliyouleta, ingawa hofu ya maziwa ilikuwa sehemu halisi ya siasa za wakati huo.

Kwa iodini, mtandao wa miji ulikuwa kipofu. Ikiwa wingu lilipita juu ya bonde moja na mvua ikanyesha humo, shamba la bondeni liliweza kuwa na maziwa yenye iodini mara mia ya lile la bonde la pili, na tangi la kiwanda likameza maziwa ya mashamba yote mawili na kutoa namba ya kuridhisha. Julai 1962, baada ya mlipuko ulioitwa Sedan na mingine midogo ya mwezi huo, Robert Pendleton wa Chuo Kikuu cha Utah alianza kupima maziwa shamba kwa shamba, akakuta viwango vilivyotofautiana sana kati ya sehemu na sehemu. Mamlaka ya afya ya jimbo la Utah iliwashauri wafugaji kuwarudisha ng'ombe kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa na kupeleka maziwa yenye viwango vikubwa kwenye viwanda vya jibini na maziwa ya unga. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kifizikia: jibini linalokaa ghalani miezi mitatu huwa limeshapoteza karibu iodini-131 yake yote kwa kugeuka kwenyewe, bila mtu kuondoa chochote.

Wakati uleule Harold Knapp, mtumishi wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, alikuwa akirudia hesabu za jaribio la tarehe 19 Mei 1953, lililofunika mji wa St. George huko Utah kwa vumbi. Tume ilikuwa imehesabu mionzi ya gama iliyowapiga watu kutoka nje. Knapp alihesabu maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, akaonyesha kwamba tezi za watoto wachanga wa eneo lile ziliweza kupata dozi iliyozidi sana takwimu rasmi. Mtoto aliyekunywa maziwa ya ng'ombe au mbuzi wa uani, ambayo hayakuwahi kufika kiwandani, hakuwamo katika mtandao wowote wa upimaji. Hapo ndipo mfumo ulipokosea zaidi, kwa maana wale waliokuwa karibu na chanzo ndio waliokuwa mbali na mizani.

Bunge la Marekani liliagiza mwaka 1982 dozi hizo zikadiriwe, na Taasisi ya Taifa ya Saratani ikatoa matokeo mwaka 1997. Kwa kuwa maziwa ya miaka ya 1950 kwa sehemu kubwa hayakuwa yamepimwa iodini, watafiti walianza na karatasi zenye gundi zilizotandazwa nje katika vituo karibu 100 ili kunasa vumbi, wakaongeza rekodi za mvua za kila siku, kisha wakafuatilia ng'ombe waliachiwa malishoni mwezi gani katika kila kaunti, walitoa maziwa kiasi gani, na maziwa hayo yalisafirishwa na kuuzwa wapi. Sehemu ya biashara katika hesabu hiyo ni ya uhasibu zaidi kuliko fizikia, na bila shaka ndiyo iliyochosha kuliko zote. Ilibainika kwamba milipuko 90 hivi ilitoa kyuri milioni 150 za iodini-131, na kwamba miongoni mwa kaunti zilizopata wastani wa juu kabisa zilikuwamo za Idaho na Montana, mamia ya kilomita kutoka eneo la majaribio la Nevada, ambako mvua ilikutana na mawingu ya vumbi kwa bahati mbaya tu.

Kwamba umbali unaweza kupotosha kulionekana tena mwanzoni mwa Oktoba 1976, pale wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Peach Bottom huko Pennsylvania walipokuta unururifu nje ya majengo yao na kwanza wakakishuku kituo chenyewe. Siku chache kabla, tarehe 26 Septemba, China ilikuwa imelipua bomu angani, wingu likavuka Pasifiki, na mvua kubwa ya mashariki mwa Marekani ikalishusha. Iodini-131 ilionekana kwenye maziwa ya majimbo kadhaa mfululizo, na kusambaa kwake katika majimbo ambayo hayakuzunguka kituo kimoja kulitosha kuonyesha kwamba dohani ya Peach Bottom haikuhusika.

Miaka kumi baadaye hoja hiyo iligeuka kinyume. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986 viatu vya mfanyakazi katika kituo cha Forsmark, Uswidi, vilikiamsha kigunduzi, na uchafu ukakutwa pia nje ya uzio. Mchanganyiko ulikuwa na siziamu-134, kwa hiyo haikuwa bomu. Upepo ulikuwa umevuma kutoka kusini-mashariki. Na jioni ya siku hiyo Moscow ilikiri ajali ya Chernobyl, iliyotokea usiku wa tarehe 26. Ng'ombe wa Belarusi, Ukraini na magharibi mwa Urusi walikuwa malishoni, familia nyingi za vijijini zilikuwa na ng'ombe wao wenyewe, na onyo la kutokunywa maziwa lilichelewa katika siku zilezile ambazo iodini ilikuwa kwenye kilele. Kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa na saratani ya thairoidi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inahusishwa na maziwa ya siku hizo. Poland, ambayo nayo ilikuwa chini ya wingu, iliwapa iodini tulivu watoto wapatao milioni 10.5 na kugawa maziwa ya unga kwa walio wadogo zaidi, hata kabla haijapata maelezo kamili kutoka kwa jirani yake.

Vumbi la Chernobyl liliangukia hata Cumbria, yaani eneo lilelile la Windscale, na hapo wachunguzi walikabiliwa na kesi ya washukiwa watatu: majaribio ya mabomu ya zamani, moto wa 1957 pamoja na uvujaji uliofuata, na ajali mpya. Kwa kuwa siziamu-134 ya zamani ilikuwa imeshatoweka, kiasi chake kilichopatikana kwenye udongo na nyama ya kondoo wa milimani kilizidishwa kwa mbili ili kupata siziamu-137 ya Chernobyl, na iliyobaki ikahesabiwa kuwa ya wawili wa kwanza. Wafugaji walioshuku kwamba wanaambiwa kila kitu kimetoka Ukraini walikuwa na sababu, kwani sehemu ya siziamu ilikuwapo ardhini kabla ya 1986. Vikwazo vya mwisho vya kuuza kondoo hao viliondolewa mwaka 2012.

Kukausha maziwa huleta tatizo jingine la ufuatiliaji. Jibini linapotengenezwa siziamu hubaki kwenye maji ya maziwa, yanayotengwa na mgando, na maji hayo yakikaushwa unga wake huwa na siziamu mara kadhaa zaidi kwa kila kilo. Bavaria ilijikuta baada ya 1986 na tani 5,000 hivi za unga wa namna hiyo uliokaa kwenye mabehewa ya treni hadi ulipopatiwa mtambo wa kuusafisha. Unga husafiri mbali na kwa muda mrefu, na nchi zinazouagiza, zikiwamo za Afrika Mashariki, huupokea bila ramani ya malisho yake. Tanzania ilikuwa imeunda Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, na kazi zake zikarithiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, ambayo hupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini na kutoa vyeti. Mwongozo wa kimataifa wa Codex unaweka bekereli 1,000 kwa kilo kwa siziamu na 100 kwa strontiamu-90 na iodini-131, tena kwa chakula kilivyo tayari kuliwa, maana yake unga huhesabiwa baada ya kuchanganywa na maji.

Cheti cha namna hiyo kinataja kiasi, na kwa sasa hakiwezi kutaja chanzo hata kama mpimaji angependa. Siziamu-134 ya Chernobyl, kwa nusu maisha yake ya miaka miwili, imekwisha, hivyo siziamu-137 ya mwaka 1963 na ya mwaka 1986 zinafanana kabisa kwenye kigunduzi cha gama. Njia iliyobaki ni siziamu-135, ambayo nusu maisha yake ni zaidi ya miaka milioni moja na ambayo bomu na kinu huizalisha kwa uwiano tofauti na siziamu-137. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani na Austria waliitumia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya siziamu katika nguruwe mwitu wa Bavaria, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya Chernobyl peke yake, ilitokana na majaribio ya silaha. Unururifu wa siziamu-135 ni hafifu mno kuonekana kwa mionzi yake, kwa hiyo atomu zake hupimwa kwa uzito katika mashine za spektrometa ya masi, baada ya kutengwa kikemia na bariamu, yenye atomu zinazokaribia uzito uleule.